Nimeomba kazi 93 na bado niko mtaani, nifanye nini nionekane?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 26, nipo Mwanza, nilimaliza digrii ya uhasibu 2022 na GPA yangu ni 3.9. Tangu hapo niko mtaani. Nimehesabu, nimetuma maombi 93. Kampuni binafsi hakuna hata moja iliyonipigia, serikalini nimeitwa mara mbili kwenye mtihani wa mchujo nikaishia hapohapo. Kuna wanaoniambia bila koneksheni sitoboi, wengine wananiambia nikasome masters. Nimekuambatishia CV yangu. Naomba unisaidie dada, kati ya watu wote hawa nifanye nini nionekane?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijasema kitu chochote naomba ufungue CV yako uangalie namba ya simu uliyoandika pale juu. Ina tarakimu 9. Namba zetu zikianza na sifuri zinakuwa 10, kwaiyo kuna moja imeruka, na kama hiyo ndo CV uliyokuwa unaituma kote basi inawezekana kabisa kuna mtu alishakutafuta akakukosa akaenda kwa jina linalofuata. Sikwambii ili uumie. Nakwambia kwasababu mimi mwenyewe imenitokea sio mara moja nikiwa upande wa pili wa meza, nampigia mtu ninayemtaka kabisa naambiwa namba niliyopiga haipo, na nina majina mengine kumi ya kupiga kabla ya saa sita mchana. Rekebisha leo, alafu ndo tuendelee.

Mimi nimefanya kazi za rasilimali watu Dar kwa miaka 14, nimeanzia kwenye kampuni ya usambazaji kule Barabara ya Nyerere, baadae nikahamia kwenye shirika, sasa hivi nasaidia kampuni ndogo ndogo kutafuta watu. Nafasi za uhasibu ndo nimezisimamia kuliko zote, kwaiyo umemuuliza mtu anayejua mlango unaobisha.

Kwanza nataka ujue kitu kimoja kabla hujaendelea kujilaumu, msongamano ni wa kweli. Wewe 2014 ulikuwa bado shule ya msingi au ndo unaanza sekondari, ila sisi tunaikumbuka ile siku ya Juni pale Uwanja wa Taifa, Uhamiaji walikuwa na nafasi 70 na watu waliokuja kwenye usaili walikuwa zaidi ya 10,000 wamejaa majukwaani kama kuna mechi. Na juzi juzi 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596, walioomba wakazidi 130,000, yaani ukigawanya ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja. Kwenye foleni ya namna hiyo unaweza ukawa umefanya kila kitu sawa na bado jina lako lisitoke, na hiyo haimaanishi hufai.

Ila sasa, na hapa ndo wengi mnachanganya, serikalini na kampuni binafsi ni mashindano mawili tofauti kabisa na we umekuwa ukiyacheza kwa mtindo mmoja. Kule Sekretarieti ya Ajira hamna mtu anayesoma barua yako akasema lo huyu kijana anaandika vizuri, tumwite. Kule unachujwa kwa nyaraka alafu unachujwa kwa maksi. Nyaraka maana yake cheti halisi, sio tarifa ya matokeo ya muda, maana tangazo lenyewe linasema hazikubaliki na bado watu wanaziweka. Majina yako ya kitambulisho cha NIDA yafanane na ya vyeti, kama kuna herufi imepishana au cheti cha form four kina jina la babu na cha chuo hakina, nenda kwa wakili ukatengeneze hati ya kisheria ya majina mapema, usisubiri mpaka uitwe. Barua iwe na sahihi, vyeti viwe vimethibitishwa, wasifu wako kwenye portal uwe umejazwa mpaka mwisho. Ukishapita hapo ni mtihani, na mtihani dawa yake ni kusoma. Wewe umeitwa mara mbili, ina maana nyaraka zako zipo sawa, kilichobaki ni maksi. Tafuta wenzako watatu wanne mliomaliza wote, kaeni mfanye maswali ya uhasibu wa msingi na ya sheria za fedha za umma na manunuzi, kila wiki, hata kama hamna tangazo. Na ukifaulu ukakosa nafasi jina linaweza kubaki kwenye kanzidata ukapangiwa baadae bila kufanya usaili mwingine, nimeona watu wameitwa hivyo wakiwa wameshasahau kama waliomba. Hiyo ndo serikali, sina maneno mengi zaidi ya hapo.

Swali lako la kuonekana linahusu kampuni binafsi, na hapo ndo nataka tukae.

Ngoja nikupe picha ya upande wetu. Mwaka mmoja tulitangaza nafasi ya mhasibu msaidizi, moja tu, zikaja imeili mia nne na kitu ndani ya siku kumi. Waliopewa kuzisoma ni mimi na dada mmoja wa utawala, siku ya Jumamosi, maana Jumatatu hadi Ijumaa tuna kazi zetu nyingine. Tulianza saa tatu asubuhi na chupa ya chai. Hizo mia nne huzisomi mdogo wangu, nakuambia ukweli, unazipitia. Ya kwanza unaipa dakika mbili, ya hamsini unaipa nusu dakika, ikifika ya mia mbili macho yanatafuta sababu ya kuiweka pembeni. Imeili haina hata salamu ina atachimenti tu, pembeni. Barua imeandikiwa kampuni nyingine kabisa, jina la jirani yetu, mtu alisahau kubadilisha, pembeni. Vyeti kumi na mbili vimepigwa picha na simu kila kimoja faili lake na vingine vimelala ubavu, pembeni. Hata hapo bado unabaki na mia mbili na ushee ambao hawana kosa lolote, na hao mia mbili wote wamesoma uhasibu, wote wanajua kompyuta, wote ni wachapakazi, waaminifu, wanaweza kufanya kazi chini ya presha na wanaweza kushirikiana na wengine. Wote. Maneno yaleyale, mpangilio uleule. CV yako niliyoisoma jana usiku ipo kwenye hilo kundi. Haina ubaya. Ila nikiifunga sikumbuki kitu hata kimoja zaidi ya 3.9.

Siku ile tuliita watu nane. Na aliyepata kazi nitakwambia alikuwa na nini, hakuwa na GPA kubwa na hakuwa na ndugu pale. Kwenye CV yake aliandika kwamba kwa miezi mitano amekuwa akimsaidia mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala kulinganisha hela za lipa namba na daftari la mauzo kila jioni, na kwamba mwezi wa pili aligundua kuna mauzo yanapokelewa kwenye namba binafsi ya muuzaji. Basi. Sentensi mbili. Yule dada wa utawala akainua kichwa akaniambia huyu mwite. Kwanini? Kwasababu bosi wetu alikuwa na magari 14 ya kusambaza mzigo na shida yake kubwa kila siku ilikuwa ni hela za madereva kutofautiana na mzigo uliotoka. Tulikuwa tumeshamuona yule kijana akifanya kazi yetu kabla hajaingia getini.

Hapo ndo lilipo jibu langu lote kwako. Mwajiri anayetoa tangazo ana tatizo linalomkosesha usingizi na ana woga, woga wa kumlipa mtu miezi mitatu alafu akagundua hajui kitu. Mtu aliyeandika ni mchapakazi hajamtoa huo woga. Mtu aliyeonyesha kazi aliyoifanya, hata ndogo, hata ya duka la jirani, amemtoa nusu nzima. Kwaiyo usitumie nguvu kujisifia vizuri zaidi ya wenzako. Tafuta kazi ya kuonyesha.

Najua utakachosema, dada nitaonyesha kazi gani wakati hamna aliyeniajiri. Sawa, tuongee kuhusu Mwanza.

Upo Mwanza, una Mwaloni pale Kirumba. Dagaa na samaki wanatoka pale kwenda mikoani na mpaka Kongo, wafanyabiashara wa pale wanazungusha hela nyingi kuliko maofisi mengi unayoyatumia CV, na wengi mahesabu yao yako kwenye kaunta buku na kichwani. Mzigo unatoka kwa mali kauli, mteja anaahidi kulipa akishauza, hela zingine zinaingia kwa simu, zingine benki, zingine mkononi, mwisho wa mwezi mama anajua amefanya biashara ila hajui anamdai nani na tangu lini. Wewe una digrii ya uhasibu. Nenda kwa mmoja tu, bora zaidi awe mtu anayejuana na mama yako au mnasali nae ili akuamini, mwambie naomba nikupangie daftari lako la wadaiwa kwa miezi miwili, sigusi hela hata shilingi, naandika tu. Hilo la kutogusa hela lisisitize, litakulinda wewe na litamtoa yeye wasiwasi.

Alafu fanya kweli. Weka kwenye Excel kila mteja, amechukua gunia ngapi tarehe ngapi, amelipa kiasi gani, anadaiwa siku ngapi. Panga madeni ya siku 30, ya 60, ya zaidi ya 90. Chukua taarifa ya lipa namba ya mwezi mzima uilinganishe na daftari siku kwa siku. Kama ana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti, angalia zile Z ripoti, yaani jumla ya mauzo ya kila siku, zinaendana na alichoandika au hapana. Ukikutana na tofauti, muulize kwa adabu, sio kwa kumkamata. Baada ya miezi miwili utakuwa na kitu ambacho wale mia mbili hawana, na utakuwa umejifunza vitu ambavyo chuo hawafundishi, mfano kwamba mteja mmoja anaandikwa kwa majina matatu tofauti kwenye daftari moja, Mama Neema, Mama Nyegezi na Mama Dagaa Kavu, wote ni mtu mmoja na deni limegawanyika mara tatu.

Sasa linganisha. CV yako ya sasa, pale kwenye uzoefu, umeandika tu kwamba ulifanya fildi halmashauri wiki nane. Hamna kingine. Mi nabaki najiuliza wiki nane ulikuwa unafanya nini, unatumwa chai? Kumbe inawezekana ulishika vocha, uliandika rejista, ulipanga nyaraka za malipo kwa ajili ya wakaguzi, uliona makato ya mishahara yanavyofanyika. Hivyo vyote ni kazi! Kaa chini uandike kila siku unayoikumbuka ya fildi, alafu chagua vitatu. Na kile cha Mwaloni kiandike hivi, yaani kwa mfano, maana namba ni lazima ziwe zako za kweli: nimepanga kumbukumbu za wadaiwa 27 za mfanyabiashara wa dagaa, nikatenganisha madeni kwa siku yaliyokaa, ikaonekana sehemu kubwa ya deni lililopita siku 60 lipo kwa wateja 6, wanne kati yao wakaanza kulipa baada ya kupelekewa hesabu iliyoandikwa. CV yenyewe iendelee kuwa ya Kiingereza kama ulivyoiandika, hapa tunaongea Kiswahili ili tuelewane. Na usiongeze chumvi hata kidogo. Mtu akinidanganya namba moja nikaigundua kwenye usaili siamini tena na ile digrii.

Ile sehemu ya juu kabisa uliyoandika malengo yako, kwamba unatafuta taasisi yenye changamoto ili ukuze kipaji chako, ifute yote. Weka mistari mitatu inayosema we ni nani kwa kazi, unaweza kufanya nini kuanzia wiki ya kwanza, na upo wapi na CPA, ile mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, kama umeshaanza (nakuja huko). Mhasibu msaidizi wa kampuni ya kawaida Tanzania anatakiwa kujua mishahara na makato, PAYE (kodi ya mshahara) inatakiwa ilipwe isipite tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), na yule mfanyakazi mwenye mkopo wa chuo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kwenda Bodi ya Mikopo. Wewe hayo unayajua? Kama unayajua mbona hayapo kwenye CV? Kama huyajui, chukua jedwali tupu la Excel utengeneze orodha ya mishahara ya wafanyakazi 15 wa kubuni, kila mmoja na makato yake, uhakikishe unaweza kuielezea mstari kwa mstari. Nimewahi kuona dada mmoja anatoa karatasi kama hiyo kwenye usaili kutoka kwenye bahasha yake, bosi akaichukua akaanza kumuuliza maswali juu ya ile karatasi na yale maswali tuliyoandaa hatukuyauliza tena.

Barua ya maombi. Siku hizi nasoma barua kumi na nane zinasema kitu kimoja kwa maneno yaleyale, ninaandika kwa shauku kubwa, nimevutiwa na dhamira ya taasisi yenu, nina imani ujuzi wangu unaendana, unajua kabisa zote zimetoka kwenye ChatGPT na mtu hajabadilisha hata koma. Sikukatazi kuitumia, itumie ikusaidie kunyoosha Kiingereza, hiyo ni haki yako na wengi hatukuzaliwa nacho. Ila cha kusema kitoke kwako. Barua nzuri ni fupi, nusu ukurasa. Aya ya kwanza taja nafasi na kitu kimoja unachokijua kuhusu shughuli zao, kitu cha kweli, labda umeona magari yao yanaleta soda kwenye duka la kwenu kila Jumanne. Aya ya pili ile kazi yako ya Mwaloni na jinsi inavyofanana na shida yao. Ya tatu unapatikana lini. Basi. Na yote hayo ubandike kwenye imeili yenyewe, usimwachie mtu atachimenti tupu. Faili liwe PDF moja, liitwe jina lako na nafasi. Lako limeitwa CV MPYA FINAL 3, sasa fikiria niko nayo kwenye kompyuta pamoja na nyingine arobaini zinazoitwa hivyohivyo, nikutafutaje?

Haya, koneksheni. Hapa sitakudanganya maana nakuheshimu. Zipo. Vimemo nimeviona kwa macho yangu, nikiwa bado mdogo kazini niliwahi kuletewa jina kwenye kipande cha karatasi na kuambiwa huyu asikose kwenye orodha, na nilinyamaza kwasababu nilikuwa nahitaji kazi yangu. Mpaka leo najuta kile kiti, maana kuna binti alistahili na simu yake sikuipiga. Kwaiyo mtu akikwambia mambo ni ya kujuana usimbishie, anaongea kitu anachokijua.

Ila kuna kujuana kwingine ambako sio kimemo na huko ndo nafasi nyingi za kampuni binafsi zinakoishia, hasa kampuni za watu kumi, ishirini, thelathini. Mhasibu anaondoka ghafla, bosi anauliza mezani jamani nani anamjua mtu, na mtu wa stoo anasema kuna kijana alinipangia mahesabu ya kanisa. Hiyo nafasi haikutangazwa popote. Sasa jiulize wewe, ni watu wangapi wameshawahi kukuona unafanya kazi? Sio wanaokupenda, wanaokupenda ni wengi. Waliokuona na kazi mkononi. Ukihesabu vizuri labda ni msimamizi wako wa fildi na ndo basi, na nakisia hujawahi kumpigia tangu umalize. Mpigie wiki hii. Mwambie shikamoo, mimi ni yule kijana niliyekuwa meza ya vocha mwaka fulani, nimemaliza, natafuta kazi ya uhasibu hata ya muda, naomba ukisikia sehemu unikumbuke, na naomba ruhusa nikuweke kama mdhamini kwenye CV. Usimwombe kazi moja kwa moja, unamweka kwenye kona. Mwombe masikio. Fanya hivyohivyo kwa wenzako wa darasani walioajiriwa, kwa mweka hazina wa SACCOS ya mtaani, kwa ofisi ndogo za ukaguzi wa mahesabu hapo mjini ambazo msimu wa kufunga hesabu zinaelemewa na zinatafuta vijana wa kupanga nyaraka. Hizo ofisi ndogo za ukaguzi wengi mnazidharau ila miezi sita pale unaona vitabu vya kampuni kumi tofauti.

Na kwenye kujitolea naomba unisikilize sana maana vijana mnaumizwa. Kujitolea miezi miwili mitatu ili upate kazi ya kuonyesha ni sawa. Kujitolea mwaka wa pili, unafika saa mbili unaondoka saa kumi na mbili, unafanya kazi ya mtu anayelipwa, hata nauli hupewi, huko ni kunyonywa na mimi nimeshagombana na wakubwa wangu kwa hilo. Kabla hujaanza omba barua inayosema unaanza lini unaishia lini na utafanya nini, omba angalau nauli na chakula cha mchana, na ukimaliza omba barua ya utambulisho inayotaja kazi ulizofanya. Angalia pia mpango wa intaneshipu wa TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, jisajili huko. Na yeyote atakayekuomba hela ya fomu, ya vipimo, ya kushika nafasi, hata kama ana sare na kitambulisho, kata simu. Mwajiri wa kweli hachukui hela ya mtu asiye na kazi.

Masters usisome. Nimekujibu kwa ufupi kwasababu sina shaka kabisa na hili. Kwa mtu wa uhasibu ambaye hajawahi kufanya kazi, masters inakuweka mahali pabaya zaidi, nafasi za chini wanakuona umesoma sana na nafasi za juu wanakuona huna uzoefu. Hela hiyo ipeleke NBAA, ile bodi ya wahasibu, uanze mitihani ya CPA. Inafanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na kwa digrii yako ya uhasibu huanzii chini kabisa. Angalia matangazo ya kazi ya uhasibu kumi yoyote yale uhesabu mangapi yanataja CPA na mangapi yanataja masters, utajijibu mwenyewe. Hata somo mbili tatu ulizofaulu ziandike kwenye CV, mimi nikiona mtu yupo katikati ya CPA najua anasoma usiku wakati wenzake wamelala na huyo namtaka.

Ukiitwa, maana utaitwa, kuna vitu vichache. Simu iwe na chaji na ukipokea namba usiyoijua sema habari za saa hizi, unaongea na fulani, usiseme nani mwenzangu. Uliza mtakutana na nani na kama kuna mtihani wa vitendo. Kwa wahasibu mara nyingi upo, tunampa mtu kitabu cha benki na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, dakika 40, aoanishe. Wenye GPA kubwa wanakwama hapo kuliko unavyodhani kwasababu hawajawahi kushika taarifa ya benki ya kweli, we ukitoka Mwaloni utakuwa umeshafanya mara sitini. Wakikwambia tueleze kuhusu wewe usianze na umezaliwa wa ngapi kwenye familia ya watoto wangapi, anza na kazi. Wakiuliza mshahara taja kiwango baada ya kuwauliza wenzako wa kazi hiyohiyo hapo Mwanza wanalipwaje, na useme kama unaongelea kabla ya makato au unachopeleka nyumbani. Mavazi, pasi na viatu vilivyofutwa vinatosha, usikope suti.

Kuhusu zile 93, punguza. Maombi 93 kwa miaka yote hiyo yanaonekana mengi ila yote yalikuwa ni barua moja imebadilishwa anwani, kwaiyo kwa macho yetu ni ombi moja ulilolituma mara 93. Nataka utume mawili kwa wiki, kila moja umelikalia masaa matatu, umejua kampuni inafanya nini, inauza nini, mhasibu wao anahangaika na nini. Siku zilizobaki uko Mwaloni asubuhi na kwenye vitabu vya CPA jioni.

CV yako nimeiandikia maelezo pembeni kwa rangi nyekundu, nimekurudishia kwenye imeili. Sehemu ya fildi nimeiacha wazi na maswali sita, yajibu hayo kwanza kwa Kiswahili cha kawaida tu kama unanihadithia, alafu unirudishie kabla ya Ijumaa tuipange pamoja.